Kobe Waliyemkata

Ile katuni si mbaya. Afadhali ingekuwa mbaya, nikaichukia yakaisha. Milima imepakwa rangi vizuri, binti shujaa anakimbia vizuri, nyimbo zinaimbika. Lakini nilikuwa naitazama napiga miayo, huku nimefura kwa hasira.

Hadithi yenyewe naijua toka kwenye kitabu. Kwetu Kilolo, msimu wa kupukuchua mahindi, mama alikuwa na sheria: anayesoma kwa sauti hapukuchui. Basi dada yangu alisoma, mimi nikapukuchua fungu lake na langu mpaka vidole vikachubuka, wala sikulalamika, kwa sababu ya kobe. Kobe mzee, mlinzi wa lango la milima, aliyekuwa akinuna kwanza ndipo ajibu swali. Dada alimpa sauti ya mzee wa Kihehe mwenye mafua. Hata mama alicheka.

Dada alifariki binti yake akiwa bado ananyonya. Mtoto namlea mimi, hapa Ipogolo, na niliposikia kitabu kimefanywa katuni nilimwahidi kwamba atamsikia kobe wa mama yake. Akawatangazia na wenzake shuleni.

Tukaketi Jumapili baada ya ibada. Lango la milima likafika, likafunguka lenyewe. Kobe hakuna. Badala yake wakaja kindi wawili, wakacheza dansi.

"Mama mdogo, kobe yuko wapi?"

"Subiri, atakuja."

Tulisubiri mpaka majina ya watengenezaji yakapita yote. Watu wazima na akili zao walikaa wakaamua huyu mzee anachelewesha, mtoeni. Nani aliwatuma? Kama huna subira na kobe, usichukue hadithi yenye kobe.

Nikazima televisheni, nikatoa kitabu chetu kisicho na jalada, nikamsogezea mtoto beseni la mahindi. Sheria ni sheria. Akapukuchua bila kunung'unika mpaka tukafika langoni.

Nikafungua kinywa nimsemee kobe, ikatoka sauti yangu tu. Nikakohoa, nikajaribu tena. Ya dada haikuja. Nilikuwa nimeisahau, na nilitegemea katuni ya watu wasiomjua inirudishie. Hasira yote ikanigeukia mwenyewe.

Mtoto akaweka gunzi chini. "Mama alikuwa anasema hivyo hivyo?"

"Hivyo hivyo," nikamjibu, nikafunua ukurasa.