Magurudumu Aliyoyachagua Kambo

Kosa langu la kwanza lilikuwa kukaza. Nilikuwa na ufunguo mdogo wa kukazia rayo, zile nyaya nyembamba zinazoshikilia ukingo wa gurudumu la baiskeli, na kila asubuhi kabla sijanawa uso nilikuwa nimeshachuchumaa nazikaza. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, karani wa mizigo kwenye kituo cha treni hapa Kamina, na hakuna mtu aliyenifundisha lolote kuhusu magurudumu. Nilijifundisha mwenyewe kwa katalogi ya Kifaransa iliyopoteza jalada. Nilijua kila neno kuanzia ukurasa wa tisa hadi wa arobaini. Kilichokuwa kwenye ukurasa wa nane sikijui mpaka leo, na huwa kinanisumbua.

Magurudumu yenyewe yalikuwa ya alumini. Niliyanunua kwa Mzungu mmoja aliyekuwa anarudi kwao. Niliyaweka kwenye mizani ya mizigo pale ofisini, nikayatoa, nikayaweka tena, nikacheka peke yangu kama mwehu: yote mawili pamoja yalilingana na jogoo mmoja mnono. Yaling'aa hata ndani ya nyumba. Nakiri kwamba Misani nilikuwa nikiyafikiria, na kwamba katika kusali rozari vidole vyangu vilihesabu rayo badala ya Salamu Maria. Nilikwenda kuungama jambo hilo. Padri akaniuliza kama ni ya alumini kweli.

Wazimu huu ulikuwa na sababu. Parokia ilitafuta waendesha baiskeli watano kwa mashindano ya sikukuu ya Agosti, kwenye barabara ya Kaniama, hadi juu ya kilima cha tatu na kurudi. Wanne walikuwa wamekwisha kupatikana. Mwalimu wa katekisimu, aliyeongoza kundi, alinipa sharti langu mbele ya watu wote: Jumapili ya mwisho kabla ya sikukuu nitapanda vile vilima vitatu pamoja nao.

"Ukirudi unasukuma kinga kwa mukono," alisema, kwa maana kinga ndiyo baiskeli kwetu, "utasimama na bamama, utatupigia makofi."

Nilitaka nafasi ile ya tano hata nikakosa usingizi. Katika maisha yangu nilikuwa sijachaguliwa kwa jambo lolote, isipokuwa kuandika barua za wengine.

Basi nikakaza. Niligundua kwamba rayo ukiigonga kwa ukucha inaimba, na nikaamua kwamba zote lazima ziimbe sauti moja. Hii moja ikiwa chini, naikaza. Sasa jirani yake iko chini, nayo naikaza. Nikizunguka hadi mwanzo, ile ya kwanza imekuwa chini tena. Wiki mbili gurudumu langu lilizidi kupanda sauti. Nililiona zuri kuliko harmoniamu ya kanisa.

Kisha nikalipeleka kwenye mazoezi. Kilima cha kwanza, raha tupu, nilikuwa naruka. Kilima cha pili, katikati ya mpando, penye mawe: pang! Nikajiambia ni jiwe. Pang, pang! Rayo tatu zilikatika nyuma, ukingo ukajikunja, na mpira ukagandamana na fremu, usizunguke hata kidogo. Ikabidi niibebe baiskeli begani hadi nyumbani. Njiani nikakutana na akina mama wanatoka mashambani na mihogo kichwani.

"Mutazame!" mmoja akapiga kelele. "Bantu banapandaka kinga. Leo kinga inapanda muntu!"

"Na iko nzito, ee papa?" mwingine akauliza. "Tukusaidie? Tuiweke juu ya mihogo?"

Walicheka mpaka mhogo mmoja ukaanguka. Mimi nami nilicheka, lakini kicheko changu kilikuwa karibu na kilio. Zilibaki siku sita kabla ya Jumapili ya sharti.

Kambo wangu, mama mzazi wa mama yangu, ndiye aliyenilea. Kwetu mjukuu wa kiume ni mume wa kambo wake kwa utani, na kambo wangu hakuwahi kusahau haki zake za ndoa. Alinitazama nikiingia na baiskeli begani, akasema, "Bwana yangu amerudi na muke mwingine. Na amemubeba! Minyi hajanibeba hata siku moja." Minyi, kwetu, ni mimi.

Kesho yake alinifuata hadi kwa fundi, kwa sababu, alisema, mwanamume mwenye huzuni hununua vibaya. Fundi huyu alitengeneza baiskeli za wale wanaume wanaoleta mahindi kutoka upande wa Kaniama, magunia mawili mawili nyuma ya kiti. Alikuwa na jozi mbili za magurudumu. Ya kwanza ilikuwa mpya, chuma kilichong'arishwa, rayo thelathini na sita kila gurudumu. Ya pili ilikuwa ya zamani, nyeusi, yenye kutu kama ugonjwa wa ngozi, rayo thelathini na mbili mbele na arobaini nyuma. Nilieleza kwa dakika nyingi yale ya ukurasa wa kumi na saba kuhusu uzito na mpando. Fundi alinisikiliza akiwa na msumari mdomoni.

"Hapa gurudumu haipimwe na macho," alisema baadaye. "Watu wa mahindi banafunga mizigo kwanza, banavuka reli, banarudi. Njo banaambia minyi: hii ndiyo, hii hapana. Weye mizigo yako iko wapi?"

Sikuwa na mzigo. Mzigo wangu ulikuwa mimi mwenyewe.

"Minyi njo mizigo," Kambo akasema, yaani yeye ndiye mzigo wangu. Alikuwa tayari anakunja kitenge chake.

Nikakataa kwa heshima. Nikasema barabara ni mbaya, watu wataona.

"Wataona nini? Muke na bwana yake?" Akamgeukia fundi. "Funga hiyo mupya. Na mfuko wa mahindi hauna mudomo, lakini minyi niko na mudomo."

Tukaondoka na jozi mpya, Kambo amekaa upande nyuma yangu, mkono mmoja umeshika mkanda wa suruali yangu. Kamina nzima ilisimama kutazama, au ndivyo nilivyoona. Tulivuka reli, tukapanda kilima cha kwanza nikihema kama treni ya makaa, na yeye akiimba nyimbo za arusi na kunyanyua mkono kwa kila tuliyepishana naye. Tulipofika juu alisema neno moja tu: "Inagonga."

"Nini?"

"Kila ikizunguka, inagonga minyi hapa, matako ya kushoto. Moja. Moja. Moja."

Nilishuka nikachunguza. Sikuona chochote. Nikalizungusha mbele ya jicho, nikaweka unyasi kama kipimo. Ndipo nikaona: penye kiungo cha ukingo palikuwa na kibonyeo kidogo kuliko punje ya mtama. Gurudumu ambalo ningelichagua mimi, kwa macho yangu na katalogi yangu, lingepasuka hapohapo.

Tulirudi, tukafunga ile nyeusi. Ilikuwa nzito. Rayo zake ziliimba kila moja wimbo wake, kama walevi wanaorudi nyumbani kwa njia mbalimbali. Lakini Kambo alipanda kilima kizima bila kusema kitu, nikaogopa nikageuka. Alikuwa anasinzia.

"Hii," nilimwambia fundi.

"Hiyo," alisema. "Na usiiguse."

Hapo ndipo mateso yalipoanza. Nitaungama yote: usiku ule niliigonga rayo moja kwa ukucha, moja tu, na ilikuwa chini. Nikatafuta ufunguo wangu, sikuupata. Kambo alikuwa ameufunga kwenye ncha ya kitenge chake, pamoja na ugoro.

Jumapili asubuhi nilimpigia magoti. "Kambo, robo zunguko tu. Moja."

"Bwana yangu, enda Misa."

"Inatikisika!"

"Na minyi ninatikisika. Utanikaza?"

Nilikwenda. Baada ya Misa tukapanda, sisi watano na mwalimu mbele. Kila mlio wa chini niliinama kuutazama ukingo. Kilima cha kwanza, mlio. Cha pili, pale penye mawe yangu, nilifumba jicho moja, kana kwamba hiyo ingesaidia. Gurudumu lililia, likapita. Kilima cha tatu nilifika wa mwisho, vumbi la wengine mdomoni, lakini nilikuwa juu ya kiti. Na nilirudi juu ya kiti, nikipiga kelele ovyo kwenye mteremko wote hadi reli.

Mwalimu aliinua baiskeli yangu akalizungusha gurudumu la nyuma. Liliyumba huku na huku, kiasi cha upana wa ukucha.

"Sababu gani haukutengeneza?"

"Kambo wangu amefunga ufunguo ndani ya kitenge, mwalimu."

Wanne wale wakaangua kicheko. Mwalimu hakucheka. Alilizungusha tena, akaliacha lisimame lenyewe.

"Imerudi, na weye uko juu yake," alisema. "Njo nilisema. Uko wa tano."

Nilikimbiza baiskeli hadi nyumbani kumwambia Kambo, nikamkuta amekaa mlangoni amevaa kitenge cha sikukuu, anangoja kubebwa.

Siku hizi nakaza rayo iliyolegea tu. Zile nyingine naziacha.