Betri Iliishia Wapi?

Enzi zetu tamthilia haikutazamwa tu, ilijibiwa. Mtaani kwetu Nakuru runinga ilikuwa moja, kwa Baba Tito, mstaafu wa reli, na ilitumia betri ya gari iliyopelekwa kuchajiwa kwa baiskeli. Siku ya tamthilia Mama Tito aliweka karai la maji mlangoni, ukanawa miguu ndipo uingie, ukaketi sakafuni umebanwa na magoti ya watu wazima. Chumba kilinuka mafuta ya taa na sabuni ya kipande. Kijana mmoja alibaki nje akizungusha eriali huku akipigiwa kelele, "Hapo hapo! Usiguse!" Kisha tulinyamaza, labda dakika mbili, maana zaidi ya hapo hatukuweza. "Mama, usimfungulie huyo!" "Muulize shamba la kaka yake liko wapi!" Baba Tito, mtu mpole kabisa kanisani, aliwahi kuivurumishia runinga yake mwenyewe kofia.

Mama yangu hakuwahi kuwa mle ndani. Aliuza sukuma wiki sokoni, na saa ya tamthilia ndiyo saa wateja walikuwa wakitoka kazini. Kwa hiyo macho yake yalikuwa mimi, binti wa miaka kumi. Alipofika nyumbani alivuta kigoda, akaanza kukatakata mboga za kesho yake, akasema, "Haya, lete." Nikaleta. Nikiruka kitu alijua. "Hiyo ni mifupa, nyama iko wapi?" Alitaka kujua mjane wa tamthilia alivaa nini, shemeji yake alikalia kiti gani, nani alianza kulia. Asubuhi aliibeba hadithi hadi sokoni, na huko, juu ya magunia ya viazi, akina mama walibishana kama wabunge.

Basi jioni moja shemeji alimletea mjane karatasi atie kidole, ili shamba la marehemu liwe lake. Kidole kikasogea kwenye wino. Picha ikasinyaa, ikawa nukta nyeupe katikati ya kioo, ikazimika. Betri! Tulirudi makwetu tukilaumu kila mtu. Sijui kama nilimhurumia mama au niliogopa kuambiwa nimeleta mifupa, lakini nilimwambia mjane amekataa katakata, tena amempaka shemeji wino kwenye shati lake jeupe. Mama aliweka kisu chini akacheka hadi akafuta machozi.

Kesho yake alikutana na Mama Achieng, muuza karoti, ambaye mtaani kwao kulikuwa na stima na ambaye jioni ile alikuwa amefunga meza mapema akaona yote. Mjane alitia kidole. Mama alikataa. "Mtoto wangu haongopi," alisema, akashikilia hivyo hadi mchana, soko zima likimcheka. Jioni alirudi, akafungua leso kiunoni, akaketi. Nilingoja kofi. Aliuliza tu, "Betri iliishia wapi?"

"Kwenye kidole."

"Basi ungesema kwenye kidole. Kutojua si aibu."

Jumamosi alinishika mkono akanipeleka kwa Mama Achieng nikamwombe radhi mbele ya watu. Mama Achieng alinisikiliza hadi mwisho, akakiri kwamba mwisho wangu ulikuwa mtamu kuliko wa runinga, akanipa karoti mbili.

Siku hizi naishi ughaibuni, mtaa wa Rexdale, ghorofa ya kumi na moja, na tuna vioo vinne kwa watu watatu. Mume wangu anatazama mpira kwenye simu, mimi natazama yangu jikoni, binti yetu Neema, miaka kumi na mitatu, yuko chumbani na vitu vyake masikioni. Kanisani, baada ya ibada, tukianza tu maongezi ya tamthilia mtu anaziba masikio: "Usiniambie! Mimi niko sehemu ya nne!" Enzi zetu tulililia kusimuliwa. Leo ukimsimulia mtu unakuwa adui yake. Na kama ana maoni, anawaandikia watu asiowajua, kikatuni cha sura inayolia, basi, amemaliza.

Ningeendelea kunung'unika hivyo tu kama mama hangepata presha ya macho. Anaona mwanga na vivuli. Tamthilia yake ya Ijumaa bado anaiwasha, lakini aliniambia kwenye simu, "Nasikia watu wanalia, sijui anayelia ni nani." Neno hilo liliniuma. Likanikumbusha na lingine nililokuwa nikilikwepa: mjukuu wake hajawahi kumwambia zaidi ya "habari" na "nzuri". Kiswahili Neema anakielewa chote, anakijibu kwa Kiingereza. Niliogopa kwamba mama yangu angeondoka duniani bila kumjua mtoto wangu.

Nikaamua. Kila Jumapili tukitoka kanisani, Neema ataitazama ile sehemu ya Ijumaa mtandaoni, kisha atampigia nyanya yake amsimulie. Kwa Kiswahili.

"Mum, it's just a show!"

"Ni show, ndiyo. Piga simu."

Jumapili ya kwanza alitoa sentensi nne. "Mifupa," mama akasema kutoka Nakuru. Ya pili Neema alilia, akasema Nyanya anamcheka. Mume wangu alinitazama kwa jicho la kuniomba nimwachie mtoto. Sikumwachia. Theluji ilianguka, zamu zangu za uuguzi zikabadilika, mafua yakatupitia sote, na simu ilipigwa. Kidogo kidogo mtoto akaanza kueleza rangi ya gauni. Siku moja nilimsikia akisema, "Nyanya, huyo mwanamume ni bure kabisa!" Nikaenda bafuni nikalia peke yangu.

Jumapili iliyopita alisimulia vizuri sana. Bi harusi amemfuata mchumba hadi nyumba ya siri, akafungua mlango, akamkuta na mwanamke mwingine, akamtupia pete, akaondoka na gari lake. Kulikuwa na nyama tele. Lakini Ijumaa mama alikuwa ameisikiliza ile sehemu kwa masikio yake, na hakusikia gari likinguruma.

"Neema," akasema, "betri iliishia wapi?"

Neema aligeuka akanitazama. "Battery gani?"

Nilikaa kitandani kando yake nikamweleza habari ya kidole, wino na karoti mbili, mama akinirekebisha simuni kila niliporuka kitu. Neema aliinamisha kichwa. Kumbe rafiki alikuwa amemwandikia mlango ulipokuwa ukifunguliwa, akaizima. Akasogeza simu karibu na mdomo.

"Iliishia mlangoni, Nyanya. Sijui nani alikuwa ndani."

"Hata mimi sijui," mama akasema. "Nilisikia mlango, halafu muziki wa kumalizia. Wewe unadhani ni nani?"

Wakaanza kubishana. Enzi zetu tulibanana sakafuni watu ishirini kwenye kioo kimoja, na hayo hayarudi, najua. Nilitoka nikaufunga mlango polepole. Nilikuwa nimefika jikoni na bado nilisikia sauti ya mtoto wangu, kwa Kiswahili cha kuchechemea, ikimkatalia mama yangu.