Mtafiti Hana "Naona"

Kabla ya kuwa mtu wa kutoa funguo za vyumba katika hoteli moja ya mtaa wa Al Rigga, Dubai, Swafiya alikuwa na kazi ambayo mamake alishindwa kuwaeleza majirani. Alikuwa mtafiti katika ofisi ya bajeti ya bunge la kaunti moja huko pwani ya Kenya. Kaunti ndiyo kwanza zimeanza, mwaka wa 2013, na kila mtu alikuwa na cheo kipya ambacho hajakizoea. Mswada wa kodi ukija, Swafiya na wenzake wawili waliusoma, wakapiga hesabu zake, wakaandika karatasi ya kurasa sita au saba ya kuwaambia waheshimiwa: mkifanya hivi itakuwa hivi, mkifanya vile itakuwa vile. Kuamua ilikuwa shauri la waheshimiwa wenyewe. Bi Masuda, mamake, muuza nazi katika soko la mji huo, aliona afupishe maneno awe anasema mwanawe ni mwalimu wa wabunge. Hakukosea sana, ila wanafunzi wenyewe walikuwa wa kuja darasani siku ya posho.

Mkuu wa ofisi alikuwa Jotham, mtu wa bara aliyezeekea serikalini, mkali kwa neno moja tu. Rasimu ikimfikia ina neno "naona", au "inafaa", au "haifai", alilizungushia wino mwekundu na kuirudisha.

"Mtafiti hana naona," alikuwa akisema. "Sisi hatuna chama, hatuna kabila, hatuna shemeji. Andika njia zote, faida na hasara zake. Na ile njia unayoichukia, hiyo iandike vizuri zaidi."

Swafiya aliipenda sheria ile. Katika mji ambao hata foleni ya maji ilikuwa na mtu wa fulani na mtu wa fulani, palikuwa na chumba kimoja ambacho ukiingia huulizwi wewe ni wa nani. Aliinukuu kwa rafiki zake mpaka wakamchoka.

Mwaka wa pili ukaletwa mswada wa kupandisha ushuru wa masoko, ule unaotozwa kila siku kwa kila meza. Mwenye mswada alikuwa Mheshimiwa Muhanna, mwenyekiti wa kamati ya fedha. Swafiya akaandika karatasi yake, safi, haina upande. Siku ya kuisoma mbele ya kamati, mheshimiwa mmoja asiyepatana na Muhanna akamwambia, "Madam, hebu weka karatasi kando. Wewe mwenyewe unaonaje?"

Jibu alikuwa nalo, Jotham aliwafundisha wote: karatasi ndiyo jibu langu, Mheshimiwa. Lakini huyu ni mtoto aliyesomeshwa kwa nazi, aliyewahi kumwona mamake akificha mfuko wa sarafu chini ya meza, askari wa kanjo wa kukusanya ushuru wasiuone. Ulimi ukateleza. "Naona ni kumkamua asiye na maziwa," akasema.

Meza zilipigwa, watu wakacheka, na kufika magharibi maneno yale yalikuwa kwenye redio ya mji. Mswada ukaanguka. Muhanna hakugomba, hakununa, wala hakumwita ofisini. Alingoja tu. Mkataba wa Swafiya ulipokwisha mwezi wa Juni, wa wenzake wawili uliongezwa, wake ukasahaulika. Alipokwenda kwa Jotham, mzee hakuinua hata kichwa. "Nilikuambia," akasema. Swafiya ameshatukanwa na wageni walevi, ameshaitwa majina kwa lugha asizozijua, na hakuna neno lililomuuma kama hilo.

Basi ndivyo alivyofika Dubai. Chumba walipanga mtaa wa Naif, wasichana sita, juu ya duka la masanduku. Mwenzake wa kitanda cha chini alikuwa Annah, Mganda, wa mapokezi kama yeye, aliyempa jina la Madam Bajeti kwa sababu hata kwenye zamu aliweza kukueleza tofauti ya kodi na ada kabla hujamuuliza. Kila Ijumaa alimpigia mamake simu, na kila Ijumaa Bi Masuda aliuliza neno lile lile: "Warudi lini?"

"Nikipata kazi yangu, mama."

Hakusema nikipata kazi. Kazi zilikuwako. Yeye alitaka meza ile, na chumba kile kisichouliza wewe ni wa nani. Wengine wakimlilia mchumba, Swafiya alililia ofisi. Watu walimcheka, na walikuwa na haki.

Mwezi wa pili wa mwaka 2016, basi dogo lilisimama mbele ya hoteli likamwaga waheshimiwa saba. Swafiya aliwajua kwa sauti kabla ya sura. Walikuja benchmarking, yaani ziara ya kwenda kujifunza wengine wanafanyaje, na mabunge yetu kipindi hicho yalikuwa na kiu ya elimu ajabu, hasa elimu inayopatikana karibu na maduka. Siku sita walizokaa, mkutano ulikuwa mmoja, wa saa moja kasoro, na katika saa hiyo walipigwa picha. Siku zilizobaki zilikwenda Naif, kwenye maduka ya mabuibui na televisheni. Kila jioni Swafiya alihesabu masanduku yakipita mapokezi, na aliyaongeza kimoyomoyo kwenye jedwali, maana ugonjwa wa kuhesabu haukumtoka.

Siku ya nne Muhanna alimjia mezani, amejaa tabasamu.

"Swafiya! Wallahi dunia ni duara. Kumbe huku ndiko ulikojificha?"

"Karibu, Mheshimiwa. Sikujificha, natafuta riziki."

"Tulikosana wakati ule, lakini siasa ni siasa, hatuna kinyongo. Sasa sikiza. Tukirudi ni lazima tuweke ripoti mezani, na research officer wetu hakupata nafasi kwenye safari." Nafasi yenyewe, ili tusifichane, ilikuwa inalala chumba namba 412, na ilikuwa shemeji yake Muhanna. "Niandikie karatasi, kama zile zako. Ushuru wa masoko, na mafunzo ya Dubai. Jotham amestaafu. Meza yake iko wazi, na mimi niko kwenye bodi ya ajira."

Swafiya alishika kaunta. Akajizuia, akasema kwa sauti ya kazi, "Nitaandika njia zote, Mheshimiwa. Siwezi kuandika moja."

"Zote! Nani amekukataza? Ila ile naona yako iache huku huku Dubai."

Wakacheka wote wawili. Hilo ndilo lililomuudhi baadaye, kwamba alicheka.

Ijumaa alikuwa na mapumziko. Alikaa kitandani na kompyuta ya Annah mapajani tangu asubuhi, na tangu aje Dubai hakuwahi kuwa na furaha kama ya siku ile. Majedwali yake ya zamani alikuwa nayo kwenye barua pepe. Akaandika njia tatu. Ya kwanza, kupandisha ushuru wa kila meza kwa nusu. Ya pili, kuuacha ulivyo na kuziba mianya, kwa sababu sehemu kubwa ya makusanyo ilipotea kabla ya kufika benki. Ya tatu, kutoza malori yanayoleta bidhaa kwa jumla na kuwapunguzia wachuuzi. Ile ya kwanza aliichukia, kwa hiyo akaiandika vizuri zaidi. Alitia na mfano wa Dubai: hapa mtu hatozwi kodi ya mshahara, lakini huduma nyingi zina ada zake. Ni kweli, na hakuongeza chumvi.

Alasiri Annah alirudi kutoka zamu, akavua viatu, akaisoma yote amesimama.

"Imeandikwa vizuri," akasema. "Sasa na wewe unasema nini hapa mwisho?"

"Sisemi. Ndiyo kazi yenyewe."

"Kwa hiyo mtu unamwekea mezani dawa na sumu, vyote umefunga kwa karatasi nzuri, halafu unatoka?"

"Nimeandika ipi ni ipi."

"Ukurasa wa tano, dada. Nani kati ya wale wa masanduku atafika ukurasa wa tano?"

Swafiya aliichukua kompyuta. Kisha akaandika sentensi moja kwenye ukurasa wa kwanza, juu kabisa: "Katika njia hizi tatu, ya kwanza ndiyo itakayowaumiza zaidi wachuuzi wenye mtaji mdogo." Hiyo haikuwa naona. Ilikuwa hesabu, jedwali lake liko, na Jotham mwenyewe angeipitisha bila wino. Akaitazama kwa muda mrefu. Akamwona Muhanna akiisoma na lile tabasamu likikauka. Akaifuta.

Hapa tusimtetee. Alijiambia ameifuta kwa sababu ya sheria ya kazi, na ukimuuliza leo atakwambia hivyo hivyo, halafu atatazama pembeni. Sheria haikuwamo. Aliifuta kwa sababu ya meza. Aliituma karatasi kabla ya magharibi, na Muhanna akamjibu kwa neno moja: Mashallah.

Miezi ikapita. Mwezi wa tano kimya, wa saba kimya, na Annah akaacha kumtania kwa kumhurumia. Mwisho wa mwezi wa Oktoba barua ikaja, ya bodi ya ajira, yenye muhuri: Mtafiti Mkuu, mkataba wa kudumu, jibu latakiwa ndani ya siku kumi na nne. Swafiya aliisoma mapokezi, mbele ya mgeni aliyekuwa akidai taulo, na machozi yakamtoka mpaka mgeni akasema basi, hana haja tena na taulo. Haikuwa Ijumaa, lakini alimpigia mamake hapo hapo.

"Mama, nimeipata. Narudi."

Swafiya alidhani mtandao umekatika.

"Mama?"

"Niko," akasema Bi Masuda. "Ni meza yako ile?"

"Kubwa kuliko ile. Ya Jotham."

"Alhamdulillahi." Neno lilitoka baridi. Kisha akasema, "Mwanangu, wale walikuja sokoni. Mwezi wa nane. Sikukutajia, nikidhani wajua. Walisema wamekuja kusikiza maoni ya raia. Wakaweka viti na hema, na Muhanna akashika kipaza sauti, akasema utafiti huu umefanywa na binti wa soko hili hili, Swafiya wa Bi Masuda, mtaalamu aliyeko Dubai. Akainua karatasi juu, ina jina lako. Watu wakapiga makofi. Mimi nikapiga vigelegele, Swafiya. Nilisimama juu ya gunia nikapiga vigelegele, na sijui mna nini ndani ya karatasi hiyo."

"Mna nini, mama? Alisoma nini?"

"Alisoma kwamba ushuru upande kwa nusu. Kwamba hata Dubai hakuna cha bure, kila kitu chalipiwa. Ushaanza tangu wiki iliyopita. Asiyelipa anafungiwa meza."

"Mama, niliandika njia tatu! Ilikuwa ni moja tu kati ya tatu. Niliandika na hasara zake, ukurasa wa tano, ziko zote."

"Hapa imefika moja," akasema Bi Masuda.

Swafiya akaanza kueleza. Akaeleza malori, akaeleza mianya, akaeleza kwamba mtafiti haamui, kazi yake ni kuweka mambo mezani na wengine ndio wanaochagua. Alieleza haraka haraka na kwa ufasaha, na mamake alimsikiliza mpaka mwisho bila kumkatiza.

"Sawa," akasema. "Mimi nakuamini. Lakini Ghania wa ndimu, tuliyekaa naye meza kwa meza miaka kumi na tisa, ameshaacha meza yake. Ameondoka bila kuniaga. Wengine wananiuliza nimepewa nini. Juzi nazi zangu zimeoza, mtu hanunui kwangu, anapita akanunua kwa mwengine. Nami siwalaumu, maana walinisikia nikishangilia."

"Nikija nitawaeleza mwenyewe. Nitakwenda meza kwa meza."

"Usije."

"Mama?"

"Miaka miwili nimekuuliza warudi lini. Sasa nakwambia usije. Si kwamba sikutaki, moyo wangu wakutaka. Lakini ukishuka hapa, utafika kukaa kwenye meza ile, na mimi nitakuwa mama wa mtu wa meza ile. Kaa huko kwanza. Wala kwa simu, usipige mchana, nikiwa sokoni. Watu wakisikia naongea nawe watasema."

Akakata. Mgeni mwingine alikuwa amesimama mbele ya kaunta na pasi yake ya kusafiria, amengoja kwa adabu. Swafiya alimpa ufunguo na kumwonyesha lifti iliko. Siku kumi na nne zilipita, na barua hakuijibu. Ya kumi na tano alisaini na hoteli mkataba wa miaka miwili mingine.