Kofi la Mpakani

Honorine Delpuech hakuolewa, hakusoma zaidi ya kuhesabu kondoo, na sijapata kumwona akimwogopa mtu. Miaka sabini alichunga juu ya mwamba wetu mweupe wa Combeserre, mwamba ambao mvua ikinyesha huinywa yote na kutuachia vumbi. Zamani tulikuwa watu mia mbili. Vita vikala wanaume, miji ikala vijana, tukabaki ishirini na sita na chemchemi moja, mpakani na kijiji cha Vialars.

Kiangazi cha 1976 mvua ilituhama kabisa. Hapo ndipo Fabrègues, meya wa Vialars, alipokumbuka ghafla kwamba chemchemi ni yao. Jiwe la mpaka lilikuwa limesombwa na mafuriko ya miaka ya nyuma, na ramani ililiwa na panya pale pale penye maana. Akaja na watu wake na mpima ardhi. Mpima asipopata alama, kesho yake Vialars wanaizungushia chemchemi waya, na kondoo wetu wanakwenda machinjoni.

Honorine akaja na jembe begani. Akapiga fimbo chini, hatua tano ng'ambo ya maji, upande wa Vialars.

"Jiwe lilikuwa hapa."

"Umejuaje, bibi?" mpima akauliza.

"Nilikuwa na miaka saba. Babu alinionyesha jiwe, kisha akanizaba kofi nikaona nyota mchana. Akasema, 'Sasa hutasahau.' Nimesahau?"

Ndivyo wazee wetu walivyowafundisha watoto mipaka. Fabrègues akaangua kicheko.

"Kumbe siku hizi serikali inasoma mashavu ya vikongwe!"

"Cheka, mwanangu. Meno ungali nayo, yatumie."

Akaanza kuchimba. Jasho likamtoka, nikamwambia, "Dada, lete nikupokee."

"Kaa huko, Zélie. Wewe jembe unalijulia vitunguu tu."

Shimo lilipofika kina cha mkono, jembe likalia, ka! Vipande vitatu vya kigae chekundu. Watu wa zamani hawakuwa wajinga: kabla ya kusimika jiwe walivunja kigae kimoja, wakazika vipande chini yake. Jiwe likihama, mashahidi wamebaki.

Mpima akavipangusa kwa leso yake, akavikutanisha. Vikashikana, hata unywele usingepita. Akavua kofia.

"Chemchemi ni ya Combeserre."

Tulipiga vigelegele hadi kondoo wakatimka! Mtu akakimbilia kengele ya kanisa, akaivuta kama ana arusi. Honorine alijipangusa mikono kwenye aproni bila haraka.

"Meya, inama."

"Kwa nini?"

"Inama tu, wewe mrefu."

Akainama, maskini. Kofi likalia bonde zima!

"Sasa hutasahau."

Fabrègues akashika shavu, akawatazama watu wake. Walikuwa wamejishika mbavu kwa kucheka. Naye akacheka, angefanyaje? Kisha akauliza kwa sauti ndogo, "Na kondoo wetu, Mama Honorine?"

"Walete jioni," akasema, huku akiwapigia mluzi kondoo wake. "Wangu wakishashiba."