Utani Wangu Ulivyovuka Maji

Hapana, kwenye mchezo ule wa mjukuu wangu maji ndiyo yanatangulia. Baiskeli katikati, miguu mwisho. Kila mtu anafikiri ni kinyume. Mtani wangu alinieleza: mtu ukimkimbiza kwanza, halafu ukamtupa majini amechoka, anazama, na mchezo unageuka matanga. Kwa hiyo wanaingia majini wakiwa na nguvu, wakitoka wanarukia baiskeli na nguo zile zile za kubana, maji yanachuruzika, wakishuka wanakimbia. Hakuna kupumzika, hakuna hata kikombe cha uji. Na ukigusa baiskeli kabla hujavaa kofia ngumu ukaifunga kidevuni, wanakuadhibu.

Sikusoma mimi, lakini hayo nayajua kuliko wanavyojua waliosoma, maana yalipita nyumbani kwangu.

Huyo mtani ni Mngoni. Wewe unayetoka mbali lazima nikueleze. Babu zake walitufukuza huku ziwani, wakiteka wanawake na mifugo, na babu zetu wakakimbilia kwenye mawe, wakajenga huko huko juu ya maji. Mngoni akifika ufukweni anasimama. Maji anayaogopa. Vita vikaisha, ukabaki utani. Mngoni akija kwangu namnyang'anya kofia, namwambia amekonda kama fimbo ya kuchungia, na hakasiriki. Na mimi nikifiwa, anakuja anajilaza kwenye mkeka wa marehemu anadai chai, watu wanacheka huku wanalia. Maneno ya utani hayalali ndani ya nyumba. Yakisemwa yamekwisha. Hata mtoto mdogo huku anajua.

Yeye alikuwa mwalimu wa mbio kule Mbinga. Anaongea kwa pua, anavuta maneno kama mtu anayepanda mlima na gunia.

"Shikamooo bibiii."

"Marahaba. Umekuja tena kuteka? Safari hii wamebaki vikongwe."

"Hata kikongwe nachukua, bibiii, mradi anajua kupika samaki mbasa."

Alikuwa amemfuata mjukuu wangu. Binti wa binti yangu. Mama yake ameolewa juu, Mapera, kwa Wamatengo, analima kahawa na maharage. Mtoto alipoacha kunyonya akaletwa kwangu, kama tunavyofanya, akakua ziwani. Asubuhi anaogelea hadi kwenye mawe kuangalia ndoano. Akirudi anapakia usipa, dagaa wetu wa ziwani, wakavu, kwenye baiskeli, anapanda nao milima hadi Kingerikiti kuwauza. Na sikukuu akienda kwa mama yake anavipanda mbio vile vilima vya ngolo, vile Wamatengo wanavyovichimba mashimo mashimo ya kulimia, mimi hata kuvitazama nachoka. Hakujua kuwa huo ni mchezo. Alijua ni Jumamosi.

Mtani wangu alimwona mlimani akilipita lori la mahindi. Akamfuata mpaka kwangu, akakaa kwenye ukingo wa uchanja wa kuanikia, usipa wamemzunguka, akaanza kunisomesha.

"Mchezo huu bado mchanga, bibiii. Umri wake mdogo kuliko wako."

"Kila kitu kina umri mdogo kuliko wangu. Endelea."

Akasema ulianza Amerika, pwani, kwa watu wa mbio waliochoka kukimbia tu. Wakaona jioni moja waunganishe: maji, baiskeli, miguu. Halafu huko visiwani kwao wengine wakabishana nani mwenye mwili wa chuma, mwogeleaji, mwendesha baiskeli au mkimbiaji. Wakazichukua mbio ndefu kuliko zote walizonazo wakazifanya za siku moja kwa mtu mmoja.

"Kwa hiyo ni ubishi wa watu walioshiba," nikamwambia.

"Ubishi, bibiii. Lakini ulivuka bahari." Ukaenda Ulaya, ukapata mashindano ya dunia, mwisho ukaingia Olimpiki, kule Australia, na siku hiyo wanawake ndio waliotangulia kuingia majini, wanaume kesho yake. Hapo nikamwambia sasa unaongea, nikamkaangia samaki.

Akanieleza na ujanja wao. Baiskeli za mbio za wakubwa wa dunia zinakwenda kwa makundi. Zamani ilikatazwa kujibanza nyuma ya mwenzio, baadaye wakaruhusu. Sasa unakaa nyuma ya mgongo wa mtu, yeye anakata upepo, wewe unatunza miguu, mkishuka unamwacha.

"Huo si wizi?"

"Sheria, bibiii."

"Na wewe Mngoni usiyejua hata kuosha uso, utamfundisha kuogelea?"

"Kuogelea umeshamfundisha wewe. Mimi nabeba taulo."

Mjukuu alikuwa akicheka mpaka anashika mbavu. Yeye anacheka kimya kimya, mabega tu yanatikisika, kama mtu mwenye homa. Nilimpenda kwa cheko hilo.

Tukakubaliana jambo moja. Mtani alisema kule mshindi anawekewa kipaza sauti mdomoni, dunia nzima inasikia. Nikamwambia mtoto: siku wakikuwekea, usiseme mambo ya kocha wala chakula. Sema una mama, yuko Mapera, ana kahawa, na una bibi ziwani. Basi. Akaniambia, "Nitaanza na mama." Na mama yake alikuwepo, ameshuka kutuletea ndizi, nikaona anajifuta jicho kwa kanga anajidai ni moshi.

Siku ya kuondoka mtani akatoa simu yake ya kupangusa. "Bibiii, sema kidogo kwa ajili ya kumbukumbu. Huyu mtoto ni wa nani?"

Sasa mtani akikuuliza hivyo, unamjibu nini? Nikafunga kanga kiunoni nikamtolea sauti ya waliaji wa msibani, ile ya kukohoa katikati. "Huyu? Huyu hana kwao. Nilimwokota kwenye mawe, amefungwa jani la mgomba, usipa wanamnyonya vidole. Mama hana, baba hana. Mchukue, Mngoni, na usimrudishe, anakula sana."

Mama yake alikuwa amekaa pale pale anachambua maharage. Alicheka mpaka ungo ukamwagika. Mtani naye akacheka, simu inatetemeka mkononi.

Akamchukua.

Mwanzo mjukuu alikuwa akipiga simu. Analalamika maji ya bwawa yana dawa, yanauma macho, na hayana mawe, unaogelea unagonga ukuta unarudi kama ng'ombe wa kukanyaga mpunga. Nikamwiga kwa majirani, wakacheka. Akasema anashika mkia katika mbio, baadaye akasema katikati, baadaye akawa hasemi nafasi, nikajua yuko mbele. Halafu mtani akanieleza, safari hii kwa haraka, hakuvuta neno, kwamba kuna nchi ya wazungu imempenda, itamlea, itamvalisha bendera yake. Nikamuuliza, bendera ni nguo tu, si ndiyo? Akasema ni nguo tu.

Siku ya mbio kubwa tulikwenda kwa mwalimu mmoja mstaafu, aliyefundisha Kiingereza sekondari. Ana televisheni ya ukutani. Binti yangu alishuka kutoka Mapera amevaa kitenge cha Pasaka. Mwalimu huyo kabla ya kusema chochote lazima akohoe mara mbili, kama anayegonga mlango. "Hm-hm. Tuwe watulivu. Wanaanza na wasifu wa wanariadha."

Basi wakaonyesha ziwa letu. Watu wakapiga vigelegele. Halafu nikatokea mimi, kanga kiunoni, natoa ile sauti ya msiba. Nyumba nzima ikalipuka kwa kicheko. Bibi yuko Ulaya, bibi yuko Ulaya. Na mimi nikacheka, nikasimama niwaigize upya.

Mwalimu hakucheka. Alikohoa tu.

"Mbona kimya? Wanasema nini?"

"Hm-hm. Ni mambo ya kawaida."

"Yaseme hayo ya kawaida."

Akatazama sakafu. "Wanasema msichana huyu hana wazazi. Aliokotwa ufukweni akiwa kichanga. Na huyu... hm-hm... ni mwanamke mmoja wa kijijini, shahidi, anaeleza alivyomkuta. Wanasema alimkabidhi kwa kocha akiomba asirudishwe."

Kwenye picha ile binti yangu hakuwemo. Walimkata na ungo wake. Kicheko chake kilibaki kidogo, nikakisikia, kama mtu anayecheka chumba cha pili, lakini aliyekuwa hajui asingejua ni cha mama.

Mbio zilikwenda. Akatoka majini na wa kwanza kwanza, kwa mkono ule ule niliomfundisha, wa kutorusha maji. Kwenye baiskeli akajibanza nyuma ya migongo ya wenzake. Kwenye miguu akawaacha. Akafika wa pili, wakamfunika bendera ya watu, na mzungu akamwekea kipaza sauti.

Nilimshika binti yangu mkono. Nikasema, sasa subiri, sasa anasema.

Akaongea kirefu. Kiingereza chake kizuri, kinatembea kwa vidole. Mwalimu alikohoa zaidi ya mara mbili.

"Anashukuru nchi yake mpya. Anasema imempa familia ambayo hakuwahi kuwa nayo."

Binti yangu akautoa mkono wake. Alisimama, akakunja kitenge chake vizuri, kama mtu anayetoka kanisani kabla ya komunyo. Mlangoni akanigeukia. Ana sauti ndogo yule, ya kuvutavuta, siku zote namwiga. Ile siku haikuvutwa.

"Mama, umeniua kwa mdomo wako na mimi nimekaa pale nacheka."

Mpaka leo hajashuka. Ndizi anamtumia mtu mwingine alete.

Nilimpigia mtani kwanza. Nikamwambia, umebeba utani wangu ukaupeleka kwa watu wasio watani wangu. Kule nani atajua kuwa pale ni pa kucheka? Babu zako walikuwa wanateka mchana, watu wanawaona. Nilingoja anijibu kwa utani, nikamfungulia mlango kabisa, nikamwita mbeba taulo.

Hakuingia. Alisema, kwa Kiswahili cha ofisini, hana hata ile sauti ya pua, "Bibi, mimi sikuongeza neno. Sauti ni yako."

Baadaye mjukuu akapiga mwenyewe, kwa picha. Amenenepa mashavu, nywele wamemsuka vizuri. Nyuma yake ukuta mweupe. Akanisalimia shikamoo, nikaitika. Sikumgombeza. Nilimwigiza mwalimu na kikohozi chake, nikaona mabega yanatikisika, nikasema moyoni huyu bado ni wangu.

Ndipo nikamwambia. "Mbio ijayo wakikuwekea kile kipaza sauti, sema tu una mama. Neno moja. Mimi niache, niite hivyo hivyo mwanamke wa kijijini. Lakini mama yako yuko Mapera, anachuma kahawa, watu wanampa pole barabarani kana kwamba amefiwa."

Mabega yakatulia. Akasema siyo rahisi. Akasema wale watu walimpokea haraka kwa sababu ya ile hadithi, walimhurumia, waliandika, walichangishana. Akisema leo ana mama, wataonekana walidanganywa.

"Basi tutakuja sisi tuwaeleze. Mimi na mama yako. Nitawaigiza mwanzo hadi mwisho, watacheka, wataelewa. Waambie tu bibi yako anakuja."

Akatazama pembeni, kama kulikuwa na mtu chumbani. Halafu akanitazama mimi, usoni kabisa, hakuna hasira, kama anayenielekeza njia.

"Bibi, huku mimi sina bibi."