Kona ya Mnyang'anyi

Mwanaima hakutukana. Watu wa Bangwe walitegemea atukane, maana mdomo anao na mwalo mzima wa wavuvi unaujua. Lakini siku aliporudi kutoka Kalinzi, alikokwenda kumtunza binti yake aliyejifungua, akakuta chanja za waya za Telesphory zimesimama juu ya uwanja wake wa kuanikia dagaa, alitua mzigo, akatazama, akanyamaza. Huko kunyamaza ndiko kulikotisha.

Uwanja wenyewe si mkubwa. Ni kipande cha mteremko kati ya barabara na ziwa, kilichotandikwa kokoto na mama yake, aliyevuka maji kutoka Kongo akiwa na mimba ya huyo huyo Mwanaima. Mama na binti walibeba kokoto kwa karai miaka na miaka ili dagaa wao wakauke bila chembe ya mchanga. Zamani watu waliwacheka, ati wanaanika mlimani. Halafu ziwa likapanda. Likameza fukwe za chini, likameza vibanda, likaingia mpaka kwenye vyoo vya watu, na kile kipande cha juu kikageuka lulu. Telesphory, jirani aliyekuwa akila pilau kwao kila Idi, alikuwa na mitumbwi lakini pa kuanikia hana tena.

"Nilisikia umehamia Kalinzi moja kwa moja," alisema huku akigeuza dagaa.

"Ulisikia kwa nani?"

"Watu."

"Watu wana majina, Telesphory."

"Aah, dada Mwanaima! Kwani ardhi hii imeandikwa jina lako?"

Mwanaima akapeleka shauri kwa wazee wa mwalo, nao wakataka mashahidi. Wanawake waliomwona akibeba kokoto tangu usichana wake wakaangalia vidole vya miguu yao. Dagaa wa kuuza waliwapata kwenye mitumbwi ya Telesphory. Nani angesema leo akose mzigo kesho? Mwanaima aliwatazama mmoja mmoja, akaondoka na lile neno moja la Telesphory likimzunguka kichwani: jina.

Sasa, Kigoma-Ujiji hakuna anayekuelekeza kwa namba ya nyumba. Utaambiwa shuka penye kisima kilichofukiwa, kunja kwa fundi redio, na fundi mwenyewe alishazikwa zamani. Jina likishakaa kwenye midomo ya bodaboda, hiyo ndiyo ramani. Ile kona ya barabara juu ya uwanja haikuwa na jina. Mwanaima akaweka karai la mafuta hapo hapo, akaanza kukaanga mihogo.

Bodaboda hawakukawia kunusa. Wa kwanza kuegesha alikuwa Elikana, kijana asiyenyamaza hata akitafuna. Simu yake ikalia.

"Mama mkubwa, abiria anauliza niko wapi. Hapa panaitwaje?"

"Mwambie uko kwa Mnyang'anyi."

"Mnyang'anyi gani tena?"

Mwanaima akanyoosha upawa kuelekea chanja. Elikana akacheka mpaka muhogo ukampalia, kisha akapaza sauti kwenye simu: "Niko kwa Mnyang'anyi, njoo!" Akaongezewa kipande cha bure. Tangu siku hiyo kila aliyelitamka jina hilo aliongezewa. Wanafunzi wakalishika, wauza maji wakalishika, na kabla mvua hazijaanza hata mama mchungaji alikuwa akishuka kwa Mnyang'anyi bila kufikiri.

"Utaacha lini?" Telesphory alimjia juu.

"Niache nini? Mimi nakaanga mihogo."

Kisha ikaja posa ya Wema, binti wa Telesphory. Wazee wa upande wa mchumba walitoka Kasulu wamevaa makoti. Stendi wakamkuta Elikana, wakamwelezea nyumba.

"Ile ya bati jekundu, kwa Mnyang'anyi?"

"Mnyang'anyi ndiye nani?" akauliza mjomba wa bwana harusi.

"Si huyo mnayemwendea!" Elikana hakuwa na nia mbaya. Kwake lilikuwa jina la kituo tu.

Mjomba alifika, akakataa kiti. "Shemeji," alisema, na mlango ulikuwa wazi, "kabla hatujataja mahari, tungependa kujua hapa palinyang'anywa nini."

Maneno hayo yalisikika mpaka kwenye karai. Mwanaima aligeuza mihogo yake polepole, utamu ukimpanda mwili mzima. Lakini Wema alipotoka nje analia, kitu kilimchoma kifuani. Akakimeza. Wageni wakarudi Kasulu bila kugusa soda.

Asubuhi Telesphory akaja bila kofia. "Ondoa jina, niondoe chanja."

"Ondoa chanja kwanza. Na useme mwaloni, mbele ya wale wanawake."

Akasema. Sauti ilimtoka kama ya mtu mwenye homa: uwanja ni wa Mwanaima, mimi niliuchukua kwa nguvu. Kisha akabeba chanja zake mwenyewe, moja moja, na hakuna aliyemsaidia. Habari zikafika Kasulu, wazee wakarudi, Wema akaolewa.

"Na jina?" akauliza Telesphory.

"Mimi nimeliacha. Kawaombe bodaboda."

Aliwaomba, wakamwitikia "sawa mzee", wakaendelea kushusha abiria kwa Mnyang'anyi.

Siku moja mfanyabiashara kijana kutoka Tabora alishushwa pale kutafuta dagaa wasio na mchanga. Akamkuta Mwanaima amepiga magoti kwenye kokoto zake, anaanika.

"Shikamoo mama. Samahani, wewe ndiye Mnyang'anyi?"

Wanawake wakaangua kicheko. Huko chini majini Telesphory, aliyekuwa akivuta mtumbwi, naye akacheka. Ni mara ya kwanza watu kuyaona meno yake tangu ile posa.

Mwanaima akajifuta mikono kwenye kanga. "Marahaba, mwanangu. Si mimi. Kaa hapo kwenye ndoo, nikuitie mwenyewe."

Akasimama, akaweka viganja mdomoni, akaita kwa sauti ambayo Bangwe nzima iliisikia:

"Telesphory weee! Una mgeni wako huku!"