Nafasi ya Filimbi

Mwanangu, ninaikumbuka siku ambayo Mama Kavugho alizima mashine yake ya kusaga mchana kweupe, wanawake wakiwa kwenye foleni na mabeseni yao ya mihogo mikavu. Mashine ile haikuwa ya kuzimwa hovyo. Ilizimwa Jumapili, na ilizimwa mazuti, yaani dizeli, yalipokosekana mjini, basi. Siku hiyo aliizima kwa ajili yangu mimi, na mpaka leo nikipita karibu na mashine ya kusaga hapa Butembo, masikio yangu hupata moto.

Juzi ulikuja na wenzako mkaniomba kwa adabu, na nawashukuru kwa adabu hiyo, niwape ruhusa ya kupiga nyimbo za bendi yetu, Beseni Moja. Mkaongeza kwamba mnataka kuweka kinanda pale katikati ya wimbo ambapo sisi hunyamaza, kwa sababu, mlisema, pale pako tupu. Sikuwajibu. Nilikuwa nimekasirika, na nikikasirika huwa nasema maneno ambayo kesho yake lazima niyafuate nyumba kwa nyumba kuyaomba radhi. Sasa hasira imeshuka, kwa hiyo kaa unisikilize.

Kwanza ujue tulikuwa nani, maana ninyi vijana mnaniona na fimbo hii mnadhani nilizaliwa nayo. Tulikuwa watatu. Muhindo alipiga ngoma, yaani mapipa mawili ya mawese, ringi ya gari na kifuniko cha sufuria ambacho mama yake alikitafuta miaka miwili. Mimi, Kambale, nilikuwa na gitaa nililolitengeneza mwenyewe kwa ubao wa kitanda na waya za breki za baiskeli, na sauti yake ilitokea kwenye redio ya zamani niliyoifungua tumbo. Na Masika aliimba. Masika alikuwa binti wa kwaya ya Kiprotestanti, mpole, hata salamu yake ilibidi uisogelee ili uisikie. Lakini alipoimba nasi alipiga kelele mpaka mishipa ya shingo ikasimama. Halafu, katikati ya kelele hiyo, aliacha ghafla akapuliza filimbi ya mwanzi ya marehemu babu yake wa Lubero, filimbi yenye ufa uliofungwa kwa uzi. Kichwa chako kilikuwa kimekwisha kupasuka, na filimbi ile ilikishona tena.

Usiniulize tulijifunza wapi. Muhindo alipata koti la mitumba, na ndani ya mfuko akakuta kaseti isiyo na jina. Tulipoiweka kwenye redio tulidhani redio inakimbia, tukabadilisha betri. Watu walikuwa wanapiga kelele kwa haraka ya ajabu, na wimbo uliisha kabla hatujakaa vizuri. Masika alicheka, kisha akaomba irudiwe. Miaka mingi baadaye mgeni mmoja alituambia kwamba muziki wa namna ile unaitwa panki, tena ule mkali kabisa. Sisi tulikuwa tumeshaupiga siku zote hizo bila kujua jina lake, na sikuona kwamba tulipungukiwa kitu.

Ilikuwa wakati wa vita, na vijana wakikusanyika mahali palipo kimya waliulizwa maswali. Wazazi hawakututaka uani kwao, mchungaji hakututaka kanisani. Mama Kavugho peke yake alitukubali katika kibanda chake cha kusagia, kwa sababu mashine yake ilikuwa na kelele kutushinda, na kwa sababu sikio lake la kushoto lilikuwa limekwisha kuuawa na mashine hiyohiyo. Betri ya redio yangu tuliichaji kwa mota yake. Sharti lake lilikuwa moja: tusimsumbue mteja. Beseni likiisha kusagwa, alipunguza mota ili amwage unga, na hapo ilibidi tuwe tumemaliza. Ndiyo maana kila wimbo wetu una urefu wa beseni moja. Watu wa siku hizi wananiuliza kwa nini nyimbo zetu ni fupi hivyo. Waulize mihogo.

Mwanzoni wanawake wa foleni walijiziba masikio. Baada ya miezi michache walikuwa wanapanga kuleta mihogo saa yetu. Hakuna bendi iliyopata sifa kubwa kuliko hiyo, na ninasema hivi bila aibu.

Basi sifa zikafika Beni. Vijana wa Beu, mtaa mmoja wa mji huo, walituma ujumbe kwamba tuwapigie Jumamosi alasiri, katika uwanja wa soko. Hatukuwahi kupiga nje ya Butembo. Tulipanda lori la viazi, mapipa ya Muhindo yakafichwa chini ya magunia, nami nikakaa na gitaa na redio mapajani kama mama mwenye mtoto mchanga.

Njia ilikuwa na barieri, yaani vizuizi, na kila barieri ilikuwa na askari wake. Ya kwanza ilichukua sabuni na mikate yetu. Ya pili walituteremsha, wanaume upande huu, wanawake upande ule. Masika alikuwa ameshika karatasi zake na mfuko wa nguo, mikono imejaa. Akanipa filimbi.

“Unichungie hii,” akasema.

Askari aliyetukagua alikuwa kijana kama sisi. Aliangalia mizigo yetu, akaweka mkono kwenye shingo ya gitaa langu, akasema, “Kitu moja inabakia hapa. Muchague benyewe.”

Mwanangu, niliyofanya hapo niliyafanya kabla hata ya kufikiri, na hilo halinitetei. Niliingiza mkono katika mfuko wangu, nikatoa filimbi ya Masika. Na sikuitoa kimya. Niliisifu. “Chukua hii, chef,” nikamwambia. “Iko ya bazee ba zamani, iko na bei.” Askari akaipuliza, ikatoa sauti mbaya, akacheka, akaichomeka kwenye mkanda wake. Kisha akaondoa mkono kwenye gitaa langu. Muhindo, aliyekuwa amesimama karibu nami, aliangalia magurudumu ya lori kana kwamba ameajiriwa kuyakagua.

Masika aliporudi nilimwambia wameinyang’anya kwa nguvu. Akaniuliza kama walinipiga. Nikasema hapana. Akamshukuru Mungu kwamba hawakunipiga, akanishika bega, tukapanda lori. Nimepata vipigo katika maisha yangu, lakini mkono ule begani bado nausikia.

Beni tulipiga vizuri, siwezi kukudanganya. Uwanja ulijaa, watu walipanda hata juu ya meza za wauza nyama. Lakini tulipofika mahali pa filimbi sikujua Masika angefanya nini. Nilidhani ataendelea kupiga kelele aparuke. Hakuparuka. Alisogea mbele hatua moja, kama alivyofanya kila mara, akasimama mikono mitupu, kimya. Muhindo akaacha ngoma. Mimi nikashika waya za gitaa zisilie. Uwanja mzima ulinyamaza pamoja naye, urefu uleule ambao babu yake angeupuliza, kisha akarudi na sauti yake yote, watu wakaruka. Walitushangilia mpaka lorini. Nami nilirudi Butembo nikipokea pongezi kwa mikono miwili.

Jumatatu nilimsimulia Mama Kavugho habari za barieri, mbele ya foleni. Nilisimulia kwa ufundi, na mikono, na sauti ya yule askari. Masika hakuwapo, alikuwa mazoezi ya kwaya. Mama Kavugho alinigeuzia sikio lake zima mpaka nikamaliza. Halafu akaenda akazima mashine.

Kimya kile, mwanangu. Unga ulikuwa bado unashuka hewani.

“Kambale,” akasema, “askari gani anaacha gitare na redio, anabeba kipande ya muanzi?”

Muhindo alianza kusugua kifuniko chake kwa shati.

“Hii makelele yenu mimi hapana kuielewa hata kidogo,” Mama Kavugho akaendelea, wala hakupandisha sauti. “Lakini nilibapatia nafasi hapa kwa sababu niliona batoto batatu, kila mutu anasikiliza mwenzake. Sasa umetoa kitu ya mwenzako juu ya kuponesha yako, na tena unamuacha anakushukuru. Hii moulin yangu ya kusaga hapana kuwaka mpaka umuambie.”

Wanawake kumi na zaidi walikuwa wamesimama na mihogo, nyumbani watoto wanasubiri ugali. Hakuna hata mmoja aliyemwomba Mama Kavugho awashe. Walinitazama tu, na wakanipisha njia.

Nilikwenda kanisani kwa miguu, nikamsubiri Masika mlangoni mpaka wimbo wa kwaya ukaisha. Nilimweleza yote nikiwa nimesimama: mkono wa askari, mfuko wangu, maneno yangu. Nilitaka kuruka lile la kusifu, kisha nikalisema pia. Alinisikiliza mpaka mwisho. Nilitegemea atapiga kelele, maana nilijua anaweza. Aliuliza kwa sauti yake ndogo ile ya salamu.

“Ulimuambia iko na bei?”

“Ndiyo.”

“Enda ubaambie bawashe moulin,” akasema. “Batu beko na njaa.”

Akarudi ndani. Hakuja mazoezini wiki hiyo, wala iliyofuata. Tulipiga wawili, Muhindo na mimi, na hata mimi niliyekuwa napiga nilijisikia vibaya kwa namna tulivyokuwa tunaharibu. Hapo ndipo nilipoelewa kwamba bendi haikuwa gitaa langu. Siku moja nikalichukua gitaa, na redio yake, nikapanda lori mpaka ile barieri ya pili, nikikusudia kubadilishana. Nikakuta askari wengine kabisa. Wale wa kwanza walikuwa wamehamishwa, na filimbi hakuna aliyeijua. Mmoja wao aliligusa gitaa langu, akauliza nani ametengeneza takataka hii, akanirudishia. Kile nilichokiokoa, mwanangu, hawakukitaka hata bure.

Nililipeleka nyumbani kwa Masika, nikaliweka mbele yake. Nikamwambia alivunje akitaka, alitie jikoni lipikie maharage, sitasema neno. Nilikuwa nalia, na sikujificha.

“Hapana,” akasema. “Utaipiga. Lakini nafasi ya filimbi, mutu asiiguse. Hata wewe, hata mimi, hata mwengine.”

Kesho yake alikuja kibandani. Mama Kavugho alimwekea kigoda. Na tulipofika mahali pale katika wimbo, tuliponyamaza, niliona mama yule anainama na kuipunguza mota, beseni likiwa nusu. Alifanya hivyo kila mara tangu siku hiyo.

Sasa nikuambie kwa nini nina kiburi, na kiburi hiki nitazikwa nacho. Kutoka hapo bendi ilikua. Tulianza kama watu wanaoiga kaseti ya mfukoni, tukawa watu ambao hawafanani na kaseti yoyote. Tuliingiza mawe ya kusagia, tukaingiza wanawake wa foleni wakipiga mabeseni yao, tukaingiza kwaya nzima ikiimba taratibu huku Muhindo anakimbia kama mwizi. Tulirudi Beni mara nyingi. Tulipiga hata Kasindi mpakani, katikati ya malori yanayosubiri forodha. Wimbo wa kwanza madereva walicheka. Wimbo wa pili, tulipofika kwenye nafasi, dereva mmoja alizima injini yake, halafu wa pili, halafu mstari mzima. Hatukuwa tumemwomba mtu.

Vita vilipoendelea, watu walianza kusimama wakati ule. Sisi hatukuwafundisha. Mama mmoja wa Beu alinifuata baada ya kupiga, akaniambia kwamba mume wake alipita barabara ile akaenda asirudi, hakuna kaburi, na kwamba pale tunaponyamaza ndipo anapomweka. Nilitaka kumwambia ukweli, kwamba mahali pale palitokana na woga wangu na uongo wangu. Nikakaa kimya. Palikuwa si pangu tena.

Baada ya miaka mingi nilimtafutia Masika filimbi nyingine, fundi wa Lubero akaichonga vizuri sana. Aliipokea kwa furaha, akanishukuru, na safari hii nilistahili. Lakini jukwaani hakuja nayo. Anaipiga nyumbani, akipika. Nenda kamtembelee saa ya chakula utaisikia.

Kwa hiyo jibu langu ni hili. Pigeni nyimbo zetu zote. Ongezeni kinanda popote, hata mkizipiga mara mbili ya haraka yetu nitafurahi, kama magoti yataniruhusu nitaruka. Pale katikati msipaguse. Na hata msipopiga wimbo wetu mmoja, ninyi mnaoniona mzee wa fimbo tu, chukueni hili: mwenzako akikupa kitu chake umchungie, kitoe chako kwanza kabla ya chake. Ukishindwa, kama nilivyoshindwa mimi, mwambie siku hiyohiyo kwa mdomo wako, na umwambie pamoja na ile sehemu unayotaka kuiruka. Usikubali shukrani usiyoistahili hata kwa safari moja ya lori. Na ukiwa umeacha pengo kwa mtu, usikimbilie kulijaza ili lisikuaibishe. Muulize yeye analitakaje.

Nendeni salama. Mungu awape sauti kubwa, na masikio makubwa kuliko sauti. Awaondolee barieri njiani. Na siku mtakapokosea, kwa sababu mtakosea, ampe kila mmoja wenu mtu wa kumzimia mashine mchana kweupe, foleni ikiwa ndefu.